Bangili Juu ya Fuawe

Nikipita Ipogolo penye vibanda vya kuchomelea mageti, harufu ya chuma cha moto hunifanya nishike kifundo cha mkono wangu wa kushoto.

Mjini kwetu watoto wote tuliamini kwamba mhunzi ni zimwi. Moto uliwahi kumla nusu ya uso, likabaki jicho moja. Mama zetu walitutisha kuwa tusipomaliza ugali atatufua kama majembe. Tukipita kibandani kwake tulikimbia huku tumefumba macho.

Kisha bangili ya shaba niliyovishwa na bibi ikanibana. Mkono ukavimba, vidole vikafa ganzi, sabuni na mafuta vikashindwa. Mama akanibeba mpaka kwa zimwi lenyewe.

“Kamwene, fundi,” alimsalimu kwa sauti ndogo. “Mtoto atapoteza mkono.”

Mhunzi aliulaza mkono wangu juu ya fuawe, kile chuma chake cha kufulia majembe, akapenyeza bati jembamba chini ya bangili, akaweka patasi.

“Ukitazama nyundo utashtuka, na ukishtuka nitakuumiza,” aliniambia. “Nitazame mimi usoni.”

Nikamtazama. Sikupepesa. Nyundo ikalia mara moja tu, damu ikarudi vidoleni ikiwasha kama upupu.

Kesho yake kisimani wenzangu walinizunguka, wakauliza kama alitaka kunila. Nilijishika kiuno, nikawaacha wasubiri. Halafu nikawaambia kitu ambacho hakuna mtoto mwingine mjini aliyekijua: jicho la mhunzi lina rangi ya asali ya nyuki wadogo.