Mchungwa wa Mama Mkwe

Vijana wa rika langu walipokimbilia Nachingwea kuendesha matrekta ya mashamba ya karanga, mimi nilioa katika kijiji cha Lionja nikakaa nyumbani. Nilikuwa na masomo ya sekondari na viganja laini. Trekta lingenitia vumbi bure. Kwa desturi yetu mwanamume huhamia kwa kina mke, akaangaliwa kama anafaa. Mjomba wa mke wangu aliniangalia msimu mzima, akakata shauri.

"Bwana, kulima hujui. Basi linda mchungwa wa dada yangu. Ngedere wakiumaliza tena mwaka huu, utarudi kwenu Ruangwa, na mke utamwacha hapa."

Kukaa kivulini na kutupa mawe! Nilidhani nimependelewa.

Ila mchungwa wenyewe ulikuwa katikati ya uwanja, nyumba yangu huku, jiko la mama mkwe kule, na kwa desturi hiyo hiyo mkwe na mama mkwe hawakutani uso kwa uso. Asubuhi ya kwanza ngedere walipoingia mtini, nilitoka na mawe. Mama mkwe naye akatoka na mchi. Kuona tu pindo la kaniki yake, nikageuka mbio nikajibanza nyuma ya choo. Naye, mtu wa adabu, akajifunika kichwa akachutama nyuma ya jiko. Tukakaa hivyo tukiheshimiana, na machungwa yakimenywa.

Mke wangu alirudi shambani akakuta maganda uwanja mzima.

"Nyie wawili si mmeshinda hapa hapa?"

"Tumeshinda. Kwa heshima kubwa."

"Basi heshima hiyo uifunge kwenye mzigo wako wa Ruangwa."

Hakucheka. Hapo ndipo nilipoogopa.

Kesho yake mama mkwe alianza kusema na ngedere, kutoka jikoni. Kusema na mimi kulikatazwa. Ngedere hawakuwa wakwe zake.

"Kuleni, ngedere! Si mmepata mlinzi msomi? Akiona nguo ya mwanamke anatimka!"

Nami, macho nikiyaelekeza mtini: "Ngedere, mwambieni mwenye mti asitoke asubuhi. Mimi nipo."

"Ngedere, asubuhi huyo analala!"

Ilikuwa kweli. "Basi asubuhi yake yeye. Jua likipanda, yangu."

"Na kitabu akiache ndani!"

Ngedere walitusikiliza wakitafuna, kama mahakimu.

Mapatano yale yalishika. Si machungwa yote yaliyopona, lakini kikapu kilijaa. Mjomba akaja, akamenya moja, akala, kisha akauliza nani kayalinda. Nilikuwa nyuma ya nyumba, kwa kuwa mama mkwe alikuwa mbele. Nikamsikia akimjibu kaka yake:

"Huyo mume mvivu wa binti yangu. Mwache akae. Nani mwingine atapenda kushinda nyumbani kutwa?"

Mjomba akamenya la pili.

"Haya, akae. Lakini mwakani aanze na kulima."

Nilikaa. Kulima bado najifunza.