Maji ya Kwanza ya Mifupa

Nianze na sababu ya kuondoka, maana hapa Morogoro yalisemwa mengi. Wako waliosema Mzee Shabani kaenda kuzeekea Kanada. Si kweli. Tulikwenda kwa sababu mke wangu, Mama Rehema, alikuwa hali chakula. Tangu apasuliwe tumbo, akila vijiko viwili anasukuma sahani, na nguo zote zilikuwa zinampwaya. Mimi nimeuza supu ya ng'ombe sokoni miaka thelathini, na bakuli la kwanza kila asubuhi lilikuwa lake. Sasa hata hilo alilitazama tu. Hapo ndipo nilipoogopa. Mwanetu Rehema, muuguzi kule Toronto, akasema njooni mbadili hewa.

Ya ndege sitayaeleza sana. Niliingia na viatu nikashuka na ndala, miguu ilivimba. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo fomu zote alijaza Mama Rehema, na mahali pa kazi yangu akaandika mpishi. Nilifurahi.

Rehema anakaa Crescent Town, ghorofa ya kumi na mbili. Ulikuwa mwezi wa nne na baridi bado inauma. Wiki ya kwanza Mama Rehema aliishi kwa chai. Ya pili, Rehema akarudi kutoka kazini na supu ya tambi ya Kivietinamu, wenyewe wanaiita fo. Mama Rehema akainusa, akaionja, akamaliza nusu bakuli bila kusema neno. Rehema akaingia bafuni akafungulia maji, lakini kilio chake nilikisikia.

Ndipo nikasema lazima nijue inavyopikwa, kwa sababu Morogoro fo haiuzwi. Rehema akatafuta, akampata mama mmoja wa Kivietinamu, Bi Lan, anayefundisha kupika nyumbani kwake Agincourt. Akamuuliza kwanza kama mifupa ni ya buchani kwa Waislamu. Bi Lan akasema basi mje na yenu.

Jumamosi asubuhi tulikwenda, treni halafu basi, mfuko wa mifupa mapajani. Tulikuta jozi mbili nyingine za wanandoa, kila jozi na sufuria yake. Bi Lan ni mfupi, rika langu. Anasema Kiingereza taratibu, Rehema anatutafsiria. Tukachoma tangawizi na vitunguu kwenye moto mpaka vikawa vyeusi. Tukakaanga mdalasini, karafuu na kiungo kingine chenye umbo la nyota. Mpaka hapo sina ugomvi.

Kisha mifupa ikachemka kidogo, povu likapanda, Bi Lan akasema maji yote yamwagwe, mifupa ioshwe, tuanze na maji mapya.

Jamani. Maji ya kwanza ndiyo yenye nguvu. Mteja wangu ukimpa ya pili anahama meza. Nikamwambia Rehema huyu mama amekosea, Rehema akanikanyaga mguu. Basi nikayakinga kwenye beseni chini ya meza, na Bi Lan alipogeuka nikayarudisha sufuriani. Moto nao nikauongeza, kwa sababu yeye alitaka supu itokote polepole kama mgonjwa anayehema.

Saa nane mchana tukapakua. Ya wenzetu ilikuwa safi, unaona tambi mpaka chini. Ya kwetu kama maji ya mto baada ya mvua. Mama Rehema akachota kijiko, akakiweka chini.

"Baba Rehema, umerudisha yale maji."

Nikafunika sufuria.

"Hii ni ile ya sokoni. Naijua."

"Si ndiyo unayoipenda?"

"Sijawahi kuipenda. Ina shombo. Nilikuwa nakunywa kwa sababu unaamka saa tisa usiku."

Miaka thelathini. Rehema akageukia dirishani. Bi Lan hakuelewa lugha, ila alielewa uso wangu. Akachota kutoka sufuria yake bakuli moja, mifupa aliichukua asubuhi kwenye mfuko wetu uleule, akamwekea mke wangu majani ya mrehani, akamkamulia ndimu. Mama Rehema akalimaliza. Nilihesabu vijiko mpaka vikanichanganya.

Nikamwomba Rehema amwambie Bi Lan kwamba kosa lilikuwa langu, na amuulize kama atanikubali tena. Akasema Alhamisi. Alhamisi maji nikayamwaga mwenyewe, nikakaa karibu na sufuria saa tano bila kugusa moto. Mama Rehema alikaa kando akila karanga na kunisimanga kwamba hatimaye nimepata mwalimu.

Tulirudi Morogoro mwezi wa sita. Tambi za mchele zinapatikana, mrehani umejaa uani, kile kiungo cha nyota alitufungia Bi Lan. Majirani waliponiona namwaga maji ya mifupa mtaroni walidhani akili imebaki Ulaya, na Kanada si Ulaya.

Nilichojifunza ni kidogo tu. Supu ya sokoni bado naipika vilevile, wateja wanaipenda. Ila nyumbani siku hizi nauliza kabla ya kupakua. Juzi nilimuuliza Mama Rehema kama niweke mifupa, akasema hizo tambi zimemchosha, ana njaa, anataka ugali na dagaa. Nikaenda kuwasha moto.