Bibi Alipogawa Sosi ya Mama Mkwe

Kila asubuhi Bi Pyo aliegesha kigari chake nje ya ukumbi wa wazee, akanywa chai ya shayiri humohumo ndani, macho kayafumba, ndipo akashuka. Kazi yake ilikuwa kuwazungukia watu wa vijiji vyetu waliolemewa na sonona, ajue nani yuko hatarini kujiua. Wazee walimtania kwamba kwa sura ile ya uchovu, yeye ndiye wa kuzungukiwa.

Kwetu mtu hukuuliza, “Umekula?” Nawe hujibu umekula, hata tumbo likiwa tupu. Wote walimjibu hivyo. Bibi yangu pia, tangu Babu afariki.

Kiangazi kile Bibi akaanza kugawa sosi ya soya ya chungu kikuu, aliyoachiwa na mama mkwe wake. Sosi ile huongezwa mpya kila mwaka, haikauki maadamu ukoo upo. Majirani waliipokea kwa mikono miwili. Mama Gil-su alimwambia Bi Pyo kwamba bibi yetu kapata nafuu, siku hizi hata mkono umekuwa mwepesi kugawa sosi.

Bi Pyo alikuja moja kwa moja kwetu, akaketi sakafuni karibu na Bibi, magoti yakilia.

“Mama, unawaza kujiua?”

Nilidhani kulitaja neno lile ndiko kutakakomtia wazo.

“Binti, huna haya wewe,” Bibi akasema.

“Sina. Unawaza?”

“Kila siku.” Alisema kama mtu anayetua kuni.

Bi Pyo akaendelea kuuliza kwa sauti ileile: amepanga nini, lini, kitu atakachotumia kiko wapi. Bibi akamjibu yote. Bi Pyo akakiondoa kitu hicho nyumbani, akampigia simu baba yangu mjini, akakaa na Bibi mpaka alipofika.

Baba alibisha. Juzi tu mama yake alikuwa anacheka kwenye simu.

“Alikuwa ameshaamua, ndiyo maana akagawa sosi ya ukoo,” Bi Pyo akamwambia. “Akishaamua, mtu hutulia. Twende hospitali sasa hivi.”

Bibi alirudi na vidonge, na ukali wake. Majira ya vuli, wakati wa kumenya matunda ya persimoni, Bi Pyo alikuja, akamuuliza tena.

“Leo hapana,” Bibi akasema. “Jana, kidogo.”

Bi Pyo akaitikia kwa kichwa. Akasema ameacha kazi, hawezi tena, atakayekuja asidanganywe. Bibi alimwambia angoje chakula. Bi Pyo akasema ameshakula, akatoka. Hatujamwona tena.