Mwizi Aitwaye Léocadie

Pale La Rochelle, kusini mwa Johannesburg, ukimuuliza mwanamke yeyote wa Kirundi anashonea wapi nguo zake za harusi, atakuelekeza kwa mdomo tu: kule, kwa Mama Exaucé. Exaucé mwenyewe siku hizi ni mwanamume mwenye ndevu, anafanya kazi Durban, na Kiswahili chake kimebaki cha kuombea chakula. Lakini hilo jina la Mama Exaucé, alilompa mama yake kwa kuzaliwa, hakuondoka nalo. Lilibaki kwenye chumba kile cha mbele, kati ya cherehani na benchi.

Usiende kwake ukiwa na haraka. Mama Exaucé hapokei vipimo kwa simu, hata vya ndugu yake wa tumbo moja. Atakukalisha benchini, akupe chai, akuulize habari za watoto, kisha akusimamishe na kukuzungushia utepe huku pini zimemjaa mdomoni.

"Inama. Kaa. Haya, nyanyua mikono, sifu."

Ndiyo, sifu, kama uko kanisani na kwaya imepamba moto. Wageni hudhani anatania. Hatanii hata kidogo. Kwake yeye, gauni lisilokubali mikono juu ni kifungo, na mwanamke aliyepasukiwa kwapani mbele ya mchungaji hamsahau fundi wake mpaka anaingia kaburini.

Kilichomtia hamu ya tovuti ni harusi moja ya Turffontein. Mama mmoja aliyetoka Pretoria aliyaona magauni ya mashangazi wa bwana harusi, yakamkaa moyoni. Akauliza nani kashona, akaambiwa. Ilipofika zamu ya kumwoza binti yake, akaingia kwenye simu kumtafuta Mama Exaucé. Akatafuta, akatafuta tena, akapata mahubiri na picha za watoto wa watu. Mwishowe akaangukia duka lenye picha za kupendeza, akanunua nguo za ukoo mzima zikiwa zimeshashonwa. Siku ya siku, sifa zilipopanda, makwapa yakaanza kuachia moja baada ya jingine.

Kisa hicho kilimfikia Mama Exaucé kikiwa kichekesho, naye akacheka na wenzake mpaka machozi. Walipoondoka hakucheka tena. Kilimuuma. Ukoo mzima wa watu ulipita kando yake kwa sababu hakuna njia ya kumpata ila kumjua mtu anayemjua.

Ndipo akamwita Pitchou, kijana Mkongo anayetengenezea makanisa tovuti zao.

"Mama, njia iko mbili," Pitchou alimweleza. "Kuko ile iliyo tayari. Unaweka picha zako, unalipa kidogo kila mwezi, leo leo unaanza. Na kuko ile minakutengenezea mimi, ya kwako peke yako, kama vile unavyopimaka batu."

"Hiyo ya kupimwa ni bei gani?"

Pitchou akataja bei. Mama Exaucé akatoa pini mdomoni ili ameze mate vizuri. Pesa hiyo ilikuwa ndiyo ovaloki yake, ile mashine ya kufunga kingo za kitambaa ambayo alikuwa ameiwekea akiba kwa kujinyima.

Adrien, mumewe, ni mlinzi wa mlangoni kwenye duka kubwa, na hapendi maneno mengi. "Mama Exaucé, chukua ile iliyo tayari. Ovaloki inashona. Tovuti haishoni."

"Kwa hiyo na wewe unaniambia nivae nguo ya dukani?"

"Sijasema uvae. Nimesema uonyeshe."

Jibu hilo lilimnyima usingizi. Akajaribu ile iliyo tayari, kwa moyo safi kabisa. Ikamwomba achague saizi anazouza: ndogo, ya kati, kubwa. Akaitazama kwa muda. Ndogo ya nani? Kubwa wapi, kiunoni au mabegani? Akaifunga. Hata hivyo, kutoa pesa ya ovaloki nako kulimshinda, na siku kadhaa akawa mtu wa nataka sitaki, anakosea hata mishono ya moja kwa moja.

Mwishowe alimwambia Pitchou, "Mimi mteja wangu hujaribu nguo kwanza, kabla ya kumaliza kulipa. Na mimi nijaribishe." Pitchou akakubali kumtundikia tovuti ya majaribio yenye picha za magauni yake, na akamshauri anunue laini mpya ya simu kwa ajili ya kazi. Kisha akamtumia ujumbe: mama, andika jina la mwenye biashara.

Hapo ndipo alipokosea, na kosa lenyewe ni la watu wetu hasa. Mtu aliyepanga foleni ya kibali cha ukimbizi miaka nenda miaka rudi, akiulizwa jina na mwenye kompyuta, hasiti. Hutoa lile la kwenye kibali, herufi kwa herufi, asije akaambiwa rudi kesho. Mama Exaucé akaandika: Léocadie Nizigama. Wala hakumwambia mtu. Aliona aibu kutangaza kitu ambacho huenda asikinunue.

Jumamosi benchi lilikuwa limejaa. Alikuwa anambana mteja mikono ya gauni, pini mdomoni, wakati Joséline alipoingia bila hodi. Joséline ni msusi wa jirani, mteja wake wa tangu zamani, na hana habari inayolala kwake.

"Mama Exaucé, umeibiwa!"

"Mmh?"

"Kuna mwanamke huku mtandaoni, anaitwa Léocadie. Amebeba picha zako zote! Oneni wenyewe. Hili si gauni langu la ubatizo wa binti yangu Tania? Mana yanje, Mungu wangu, na huyu ndani yake si mimi, wamenikata kichwa!"

Simu ikazunguka benchi zima. Chumba kikachafuka. Mmoja akataka waende polisi, mwingine akataka waombe kwanza, wa tatu akasema apewe tu anuani. Mama Exaucé alitikisa kichwa, akanguruma, akapunga mkono uliokuwa huru. Lakini kinywa kilichojaa pini hakifunguliwi ovyo, na wao waliona ni uchungu umemziba.

"Eish, huyu hatumwachi," Joséline alisema, keshapandwa na hasira. "Namba yake hii hapa. Sasa hivi nampa vipande vyake."

Akapiga. Chini ya rundo la vitenge, simu ikaanza kuita.

Waliangalia rundo. Wakaangalia simu ya Joséline. Wakamwangalia Mama Exaucé, ambaye sasa alikuwa anatoa pini mdomoni na kuzichomeka kwenye mto wake mdogo.

"Ni mimi," alisema.

"Ni wewe nini?"

"Léocadie. Ndiyo mimi."

Joséline alikaa chini. Kicheko kilianzia pembeni, kikavamia chumba chote, na mteja aliyekuwa amepachikwa pini akawa anacheka huku analia zikimchoma.

"Umenishonea harusi," Joséline alisema alipopata pumzi. "Umenishonea ubatizo. Nguo ya matanga ya mama yangu ulinishonea wewe. Na jina lako silijui!"

"Hukuuliza."

"Ningeuliza la nini? Ulikuwa nalo tayari."

Mama Exaucé alicheka pia. Hawa wanawake walikuwa wamesimama kumpigania kwa kila walichokuwa nacho, na hilo lilimfurahisha kuliko sifa zote. Na lile jina! Hata Adrien humwita Mama Exaucé. Mtu wa mwisho kumwita Léocadie alikuwa mama yake, kule Ngozi, Burundi. Kulisikia tena chumbani mwake, hata likiwa jina la mwizi, kulimfanya atake kulisikia mara nyingine.

Jioni hiyo hiyo alikata shauri. Nguo iliyo tayari ikibana, unabanwa nayo. Ya kupimwa ikibana, unamrudishia fundi.

"Pitchou, njoo," alimwambia kwenye simu. "Inabana."

Pitchou akaja, akakalishwa benchini, akapewa chai, na wanawake wakampima kwa maneno mpaka akatoka jasho. Majina yote mawili yakae juu. Saizi ziondolewe, paandikwe tu: njoo upimwe. Na ukifungua, kitu cha kwanza kiwe video ya wanawake wanasifu, mikono juu, vichwa wasikatwe. Kisha Mama Exaucé akamlipa, pesa yote ya ovaloki. Adrien aliguna tu, akasema kingo za vitambaa zitamvumilia mwaka mwingine.

Siku ya kujaribisha mara ya pili, Pitchou alisema, "Sasa mupige, tuone."

Joséline akapiga, ameketi pale pale benchini, uso mkavu. Simu ikaita mezani. Mama Exaucé akatoa pini mdomoni.

"Allo, hapa ni kwa Mama Exaucé." Akasita kidogo, akaona haya kama bibi harusi. "Anayeongea ni Léocadie."

"Léocadie," Joséline alisema, polepole, kama mtu anayeonja. "Nguo zako zinakubali kunyanyua mikono?"

"Nyanyua uone."

Benchi zima likanyanyua.