Sebarenzi na siri ya Alhamisi

Siri haikumuzoea Sebarenzi. Ilikuwa ikimukaa tumboni kama viazi visivyoiva. Na ile ya mwaka wa hamsini na tatu ilikuwa kubwa: kampani yenye ilikuwa inatengeneza barabara kule Walikale ilitaka maharagi ya kulisha watumishi wake, na komite ya kooperative ya wakulima wa Masisi iliamua kuyashusha Alhamisi. Wanakomite wote watano, Sebarenzi na prezida wao Papa Polycarpe wakiwa ndani, waliapa kwamba wachuuzi hawatasikia.

Shida njo hii: Dancille, binti ya Sebarenzi, alikuwa ataolewa na mutoto wa Léopold, muchuuzi wa maharagi.

Sebarenzi akafikiri, akafunga shavu kwa kitambaa, akasema jino linamuuma. Muntu wa jino hahojiwi.

Jumanne Léopold akaja na kibuyu cha kasiksi, pombe ya ndizi, na mirija miwili. Hapo Masisi, ukikataa murija wa mukwe, umekataa ndoa. Sebarenzi akainama, akavuta.

"Pole na jino, mukwe," Léopold akasema. "Mama ya kijana ananiuliza kama kwa Sebarenzi wanafunga kinywa hivi, watafungua namna gani mulango wa lupango kwa ng'ombe zetu za mahari."

"Lupango iko wazi."

"Na kinywa?"

Sebarenzi akavuta tena, muvuto murefu. Akatazama mugomba.

"Kama una maharagi," akauambia ule mugomba, "usingoje Alhamisi. Walikale. Jumatano."

Léopold hakushukuru. Alimaliza kasiksi haraka sana kwa muntu wa umri wake.

Alhamisi kamyo ya kooperative ikateremka mupaka Walikale. Mupishi wa kampani akatoka akipangusa mikono.

"Maharagi tena? Jana wamekuja wachuuzi watano. Nitalala juu yake?"

Gunia zikarudi Masisi vile zilivyotoka.

Siku ya Mungu, kisha misa, wakulima walijaa mulangoni pa komite. Sebarenzi aliona heri aseme mwenyewe kabla hawajamutafuta.

"Ni mie," akasema. "Nilimwambia mukwe wangu. Munitoe."

Papa Polycarpe akageuza kofia yake, akaichungulia ndani.

"Kaa, Papa Sebarenzi. Mmoja wa wale wachuuzi watano ni mutoto wa dada yangu."

Wa tatu akakohoa. Wa ine alikuwa na shemeji. Wa tano akatazama dirisha, lakini dirisha lilikuwa dogo.

Nyiramana, mujane wa pale mulimani, akawahesabu kwa kidole. "Hakuna mwenye amebakia. Basi muinuke wote. Na kila gunia muirudishe kwa mwenyewe, kwa kichwa, kitunga kwa kitunga. Wakulima watachagua wengine, wenye hawana mukwe muchuuzi."

Jumatatu Sebarenzi alikuwa anapanda mulima, kitunga kichwani, jasho puani. Léopold akamukuta njiani. Akatua kwanza haya yake, kisha akapokea kitunga, sababu mukwe haachwi na muzigo.

Wakapanda kidogo.

"Ndoa iko palepale," Léopold akasema. "Mama ya kijana anasema nyumba yenu inasema kweli, hata kama inachelewa." Akahema. "Na ile komite mupya, inapanga nini?"

"Sijui," Sebarenzi akajibu. Akajisikiliza. Ilikuwa kweli kabisa. Akarudilia, polepole, sababu ya utamu wake: "Sijui hata kidogo, mukwe wangu."