Siku Niliyompigia Nestori Enduru

Mama jirani yangu hapa Rwamishenye hukamua juisi ya ndizi karibu kila Jumamosi. Harufu ile ya ndizi zilizoiva kupita kiasi na nyasi mbichi zilizopondwa ikipita dirishani, mimi hufunga dirisha. Aliwahi kuniuliza kama inanikera. Nilimwambia nina mafua, kisha nikakaa juma zima nikiwaza kama aliniamini.

Nilikuwa na miaka tisa, kijijini kwetu Muleba. Wanaume wa ukoo walikuwa nyuma ya nyumba wakikanyaga ndizi za pombe ya rubisi ndani ya mtumbwi wa mti, povu limewafika magotini, wakitaniana. Mimi nilikuwa na kazi moja tu: kumwangalia mdogo wangu Atu, wa miaka mitatu. Nikazama katika kumsuka nywele mwanasesere wangu wa magome ya mgomba, na nilipoinua kichwa, Atu hakuwepo.

Sasa lazima niwaeleze habari ya enduru. Kwetu, mtu akiona hatari hupiga yowe hilo refu, na kila anayelisikia hutoka mbio na chochote alichonacho mkononi. Asiyetoka huhesabiwa kuwa upande wa mhalifu. Hakuna anayeuliza kwanza. Watoto tulikanywa tusilichezee, kama tulivyokanywa kuchezea moto.

Tulionywa pia juu ya Warundi waliokuja kulima mashamba yetu. Usipomaliza chakula, Mrundi atakuchukua. Ukilia ovyo, Mrundi yuko mlangoni. Mama alisema hivyo huku akimpakulia Nestori, kibarua wetu, Mrundi, aliyenichongea kijiko na ambaye Atu alimpanda mgongoni kila jioni. Hakuna aliyeona kichekesho hapo. Nestori mwenyewe alicheka.

Basi nikamwona kati ya migomba, anakuja mbio, amembeba Atu. Gauni la Atu lilikuwa na damu. Nikapiga enduru.

Wanaume walitoka, nyasi na povu bado vimewaganda miguuni. Baba mdogo ndiye aliyefika kwanza, akampiga shingoni kwa mpini wa jembe. Nestori akapiga magoti. Alijaribu kusema kitu, lakini kwa uchungu alianza kwa Kirundi, na lugha hiyo ikawatosha.

"Mwachie mtoto, mbwa wewe!"

"Anamnyonga! Hamwoni anamnyonga?"

Hakuwa anamnyonga. Alijikunja juu yake ili magongo yampate yeye, na kadiri alivyomkumbatia ndivyo walivyozidi kumpiga. Nilisikia mkono wake ukivunjika, kama kuni kavu. Mtu mmoja aliita, "Jamani, si Nestori huyu?" Mwingine akamjibu huku akiinua gongo tena, "Kwani Nestori si Mrundi?"

Bibi alijipenyeza katikati yao, akamchomoa Atu, akamgeuza huku na huku. Mguu wake mdogo ulikuwa umefungwa kitambaa cha buluu, kwa mafundo mawili nadhifu. Bibi alikitazama kitambaa, kisha akalitazama shati la Nestori, lililokuwa halina mkono mmoja.

"Nani amemfunga huyu? Nauliza, nani kati yenu amemfunga mtoto mguu?"

Magongo yakashuka, moja baada ya jingine. Atu alikuwa amekanyaga panga ambalo baba mdogo alilisahau shambani.

Mkono wa Nestori ulipona ukiwa umepinda. Mimi hakuna aliyenilaumu. "Mtoto alifanya vizuri," baba mdogo alisema, "hakumtambua." Maneno hayo hurudiwa kwetu mpaka leo.

Chuoni tuliwahi kujadili kama binadamu huzaliwa akimchukia mgeni. Wenzangu waligawanyika, kila upande na hoja zake. Mimi nilikuwa namwaza Atu, aliyeikumbatia shingo ile bila woga wowote, na miaka sita iliyotutenganisha, ambamo milo yangu yote ilipakuliwa pamoja na onyo. Nikisema tuliumbwa hivyo, nitalala vizuri. Ndiyo maana siamini.

Kwa sababu nilimtambua. Nilimtambua kwa shati, kwa mwendo, kwa jinsi Atu alivyomlazia kichwa begani. Nilijua ni Nestori kabla sijafungua mdomo.

Alibaki kwetu misimu miwili zaidi, na katika misimu hiyo akawa mtu wa kuimba. Kila alipokaribia nyumba ya mtu aliimba kwa sauti kubwa tangu mbali, nyimbo za kanisani, kwa Kihaya chake kibovu, na akishafika uani hunyamaza. Sisi watoto tulimcheka na kumwiga. Nilimwambia mama kwamba Nestori ana furaha siku hizi, hana kinyongo. Mama aliendelea kumenya ndizi.

Ilinichukua miaka mingi kuelewa kwamba alikuwa akitutangazia ujio wake, asije akamshtua mtu. Na ndipo nilipokumbuka kwamba baada ya siku ile sikumsikia tena akisema neno lolote la Kirundi.