Benchi Lililolambwa na Ng'ombe

Sisi tuliokulia Katesh kabla lami haijafika tunajuana kwa jambo moja: kila mmoja wetu amewahi kunyang'anywa na ng'ombe nafasi ya kukaa. Sitanii. Pale mabasi ya Singida yaliposimama palikuwa na benchi la saruji, refu kiasi cha kukaliwa na wazee saba waliobanana. Siku ya mnada ng'ombe waliopitishwa hapo walikatisha safari na kuanza kulilamba, mzee akiwepo asiwepo. Sababu ilikuwa mama yangu. Aliuza chumvi ya mifugo, ile inayochotwa Ziwa Balangida, na magunia yake aliyaegesha kwenye benchi hilo yasinywe unyevu wa ardhi. Chumvi ilimwagika ikaingia kwenye saruji, na ng'ombe hasahau. Walililamba miaka na miaka mpaka ukingo mmoja ukawa laini kama shavu la mtoto.

Nikiwasimulia haya watoto wa siku hizi wananiuliza kama kuna picha. Hakuna. Tulikuwa tunatumia macho.

Mbele ya benchi lile hukupita hivi hivi. Wazee walikaa kwa kufuatana na umri, mkubwa wao upande wa mlimani, wamejifunga mashuka yao kwa sababu ya ule upepo wa Mlima Hanang unaopenya mpaka kwenye meno. Ukiwa mtoto ulianza na huyo mkubwa: shikamoo, marahaba, habari za baba, habari za mama, ndama wanaendeleaje, na shule ikiwa bado haijasahaulika. Ndipo unasogea kwa wa pili, unaanza tena.

Nikiwa na miaka tisa nilijifanya mjanja. Nilikuwa nimetumwa mafuta ya taa, na wenzangu walikuwa wananisubiri kwenye mchezo wa rede. Nikapita mbio mbele ya wazee, nikapunga mkono na kusema, "Shikamooni wote!" Hatua kumi mbele nikasikia sauti ya mzee tuliyekuwa tukimwita Mzee Fimbo.

"Wewe, mtoto wa Mama Chumvi! Umemsalimia nani? Benchi?"

Nikaangalia chini.

"Limekuitikia?"

"Hapana, babu."

"Basi rudi kule ulikotoka, upite tena kama mtu."

Nikarudi mpaka kona ya duka, nikaanza upya. Nilipofika kwa wa tano, basi likaingia, akashuka mzee mwingine kutoka Singida. Wakasogeana, akakaa, na ikagundulika kwamba alikuwa mkubwa kuliko wote pale. Nikaanza tena. Rede iliisha bila mimi, mafuta ya taa yalifika nyumbani giza limeshaingia, na mama alikuwa ameshapata habari zote, ingawa simu hatukuwa nazo. Nilichapwa kidogo, nikapewa maziwa ya mgando kwa ugali, nikalala.

Benchi lilikuwa posta pia. Konda alishusha mzigo, akasema, "Huu wa Gendabi," akauacha hapo na kuondoka. Wazee waliutazama mpaka apite mtu wa Gendabi aubebe. Mzigo ungeweza kukaa siku mbili. Leo weka hapo kandambili moja, tena iliyokatika, halafu geuka upige chafya.

Lakini ninachokikumbuka zaidi ni siku za mnada, jua likipinda. Mama alikuwa ameuza amesimama tangu asubuhi, vumbi la ng'ombe limemjaa mpaka kwenye nyusi. Bila yeye kuomba, mmoja wa wale wazee alisema, "Sogeeni akae, amesimama tangu asubuhi." Wazee saba wakabanana zaidi, ikapatikana nafasi ya wa nane.

Sasa niseme nililokuja kusema. Mwaka jana tuliunda kamati ya kupendezesha mji, nami nikaingizwa kwa kuwa nina duka la vitabu na kalamu, na navaa miwani. Akaja kijana mmoja mwenye kompyuta, akatuonyesha picha za miji mingine yenye herufi kubwa za saruji zilizopakwa rangi. Akasema vijana wanahitaji sehemu ya kupigia picha, na lile benchi ni la kizamani, tena lina madoa. Akauliza kama kuna anayepinga. Chai ilikuwa imeletwa, na karanga. Hakuna aliyepinga. Mimi, mtoto wa Mama Chumvi, nilinyoosha mkono nikasema tuache kuishi zamani. Nikapigiwa makofi.

Benchi lilivunjwa asubuhi moja tu. Mahali pake pamesimama KARIBUNI KATESH, kila herufi inanifika kifuani. Vijana wanakuja, wanaupa mlima kisogo, wanabinua midomo, wanapiga picha thelathini za uso uleule. Wakiniona wananiambia, "Niaje, maza." Nami naitikia, nitafanyaje?

Mwezi uliopita mama alitoka Gendabi, anakoishi siku hizi, kuja hospitali kwa ajili ya magoti yake. Tulikubaliana bodaboda imshushe palepale pa siku zote. Nilichelewa kwa sababu ya mteja wa fotokopi. Nilipofika nilimkuta ameketi ndani ya herufi U, fimbo mapajani, miguu inaning'inia. Mbele yake walisimama vijana wanne na simu.

"Bibi, tunaomba utoke kidogo tupige picha," mmoja akasema.

Mama hajui kusoma. Alimtazama tu. "Shikamoo yangu iko wapi?"

Wakachekacheka. "Shikamoo, bibi!" wakasema kwa pamoja.

"Mmoja mmoja," akasema mama. Na wakasalimia mmoja mmoja, naapa, mpaka wa mwisho akatoa vitu vyake masikioni.

Nilikuwa bado nacheka alipogeuka kwangu. "Benchi limekwenda wapi?"

"Limevunjwa, mama."

"Nani kalivunja?"

"Kamati."

"Kamati ni nani?"

Nikajiona niko na miaka tisa, nimepunga mkono na kupita mbio, nimejificha kwenye neno *wote*.

"Ni mimi, mama. Nilinyoosha mkono."

Aliipapasa pembeni ile saruji mpya, ya kukwaruza, ambayo hakuna ng'ombe aliyewahi kuilamba. Kisha akajivuta upande mmoja, kwa shida, kwa yale magoti yake.

"Njoo ukae," akasema. "Umesimama tangu asubuhi."

Nikajaribu. Herufi ile inatosha mtu mmoja.